Tundu la Kwanza

Sebuleni tulikuwa wanne: kaka yangu, mkewe, fundi wa spika, na mimi. Mama alikuwa chumbani kwake ghorofani, juu ya vichwa vyetu.

Fundi aliuliza kama spika za darini hazitamsumbua mama.

"Sikio la kufa halisikii dawa, litasikia spika?" kaka akajibu, maana sote tulijua mama ni kiziwi. "Toboa!"

"Nyumba ni ya mama," nikamkumbusha.

"Na wewe umeolewa. Kwako hakuna dari?"

Wifi akacheka. "Hata hivyo mwezi ujao tunamhamishia kwako, wifi. Bado hajaambiwa tu."

Msumeno ukakata duara la kwanza. Kipande cha jasi kikaangukia kochi, na vumbi jeupe likatua juu ya nyusi za kaka. Ndani ya tundu zilionekana mbao za sakafu ya mama, na katikati yake upenyo mwembamba uliopitisha mwanga.

Ghafla mwanga ule ukazibwa.

"Miaka sita mnanidhani kiziwi, nami nawasikia," sauti ya mama ikashuka, bila haraka. "Fundi, ziba hilo tundu. Nawe mwanangu, mwezi ujao watakaohama ni wewe na mkeo."