Fisi Aliyenusa Wageni

Utawala wa fisi ulipoangushwa vitani, wanyama wote waliapa kwamba hakuna tena atakayefukuzwa kwa sababu ya harufu yake. Lakini Fisi mmoja, aliyezaliwa baada ya vita, akayafufua yale yale. Kila asubuhi alipanda kichuguu na kupaza sauti: "Tunusane! Asiyenuka fisi atoke!" Wafuasi wake wakamfukuza hata mzee Mhanga, mchimba mashimo wa bonde zima.

Masika yakaja, shimo la Fisi likamporomokea. Wafuasi hawakujua kuchimba. Walisimama juu wakiimba nyimbo zake. Aliyerudi kumfukua ni Mhanga, akamtoa amemkumbatia.

"Shimo hili alilichimba baba yangu," Mhanga akasema, "akampa mama yako alipokimbia vita na mimba yako."

Fisi alitamani udongo umfunike tena. Wafuasi wakamsogelea, wakamnusa.

"Huyu ananuka mhanga! Atoke!"

Fisi akainamisha kichwa; maneno yalikuwa yake mwenyewe.

"Twende kwangu, mwanangu," Mhanga akamwambia. "Mama yako naye alikuja hivi hivi, kainamisha kichwa."