Folda Isiyokula Nafasi

"Nimekusaidia kazi, mwanangu," shangazi alisema nilipoingia maktabani kwake. "Nimefuta moja."

Nilisimama na mkoba begani. Wiki iliyopita kompyuta yake ilijaa pomoni, nikahamishia orodha nzima ya vitabu kwenye diski mpya. Kwenye diski ya zamani niliacha kiungo tu, mfano wa kibao cha njia: programu ikifika pale, inaelekezwa kule orodha ilikohamia.

"Umefuta ipi, shangazi?"

"Folda mbili, jina moja, vitabu vilevile. Nani anaweka kitu kimoja mara mbili? Nikafuta moja hadi kwenye kapu la taka, nikabakiza ile isiyokula nafasi."

Kidole chake bado kilikuwa juu ya kipanya, kimetulia kwa fahari. Nikabofya kiungo. Kwa utiifu wake wote, kikatuelekeza mahali pasipo na kitu.

Vitabu elfu kumi na mbili. Nikavuta kiti, nikaketi. Diski ya kuwekea nakala ya akiba ilikuwa mkobani mwangu, haijatolewa hata kwenye boksi.

"Shangazi," nilisema kwa sauti ya chini, "zile kadi za karatasi za orodha ya zamani, nilizokwambia uzichome..."

Alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa pindo la gauni.

"Sikuzichoma. Sikukuamini."

Akafungua kabati, akavuta droo ndefu iliyojaa kadi, akaitua mapajani mwangu.

"Hii ni A," akasema. "Chai utakunywa ukifika M."