Mashine Yenye Kikohozi

"Izime, halafu uiwashe tena," Kapteni alisema, akafumba macho.

Fundi alishangaa. Wateja wengine wakija kununua mashine ya boti huuliza ina nguvu kiasi gani na inakula mafuta kiasi gani. Huyu mama alikuwa amesimama karakanani kwake tangu asubuhi, na alichotaka ni kuisikia tu.

Watu walimwita Fundi Kesho, kwa sababu hakuna kazi yake iliyowahi kuwa tayari leo. Alivuta kamba mara nne. Mashine, iliyofungwa kwenye ukingo wa pipa la maji, ilikohoa, ikatema moshi, ikashika, ikaanza kunguruma kama mzee anayegombana na wajukuu.

"Sitaki kukudanganya, dada," alisema. "Kabureta imeliwa na kutu. Pampu ya maji inavuta kwa kusuasua. Gasketi nimeikata mwenyewe kwa boksi. Na pangaboi limekatika jani moja, sasa ukiwa..." Akakatiza hapo, akatazama chini kama mtu aliyeropoka msibani.

"Pangaboi liache. Hayo mengine unayaweza?"

"Naweza kuyabembeleza. Lakini haimalizi miezi mitatu hii. Nilishaitenga niiuze chuma chakavu. Mimi siku hizi ni pikipiki tu."

Miezi mitatu. Muuguzi anayekuja kumwangalia baba yake alikuwa amemwambia, bila kumtazama usoni, wasihesabu zaidi ya miwili.

"Inatosha," alisema Kapteni.

Jina hilo alilipewa na baba yake. Macho yalipomwishia, mzee alimwachia usukani, na siku binti alipovusha abiria wake wa kwanza akampachika ukapteni kwa utani. Jina likamganda hata jirani wakasahau alilozaliwa nalo. Miguu nayo ilipomwishia mzee, yakabaki masikio. Kila alfajiri alijilaza chini ya dirisha linalotazama ufuko, akisikiliza mashine inavyowaka, inavyonguruma, inavyofifia. Ikishafifia kabisa huwaambia jirani wanaomhudumia, "Haya, leteni chai."

Mashine hiyo ilikufa wiki mbili zilizopita. Ilikatika konrodi, ikanyamaza, na mzee naye akanyamaza. Chai ilipoa mezani. Sahani zilirudi jikoni kama zilivyokwenda.

"Boti haitoki," alisema mara moja tu. "Sasa mimi nile jasho la nani?"

Hata kabla ya hapo maswali yake yalikuwa yamemchosha binti yake. Mbona nakusikia wewe peke yako, wenzako wako wapi? Wamehamia gati la juu, baba. Mbona sisikii harufu ya maji? Upepo umegeuka, baba. Kila jibu lilizaa swali, na hakuwa na ndugu wa kupokezana naye. Zaidi ya mara moja alifika mlangoni mwa chumba kile akiwa amepania kumweleza mzee kila kitu, akaishia kumtengenezea mto.

"Atajua," alimwambia fundi ghafla. "Yule akiwa kitandani anajua plagi ipi ina uchafu. Hii inakohoa. Atajua si ile."

Fundi Kesho alijifuta grisi mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwambie umenunua nyingine. Hilo angalau ni kweli."

Kapteni aliketi juu ya tairi. Kuinunua kulikuwa upuuzi, na mtu yeyote mwenye akili timamu angemcheka. Lakini kila alipojaribu kujiona anarudi nyumbani mikono mitupu, aliiona ile chai iliyopoa. Alijiona mnyonge kama mtoto aliyetumwa dukani akapoteza hela njiani.

Alikuwa amekuja na cherehani ya marehemu mama yake, ile ambayo mke wa fundi aliwahi kuitamani. Aliiteremsha kwenye mkokoteni, akaiweka mezani.

"Dada, hapo nitakuwa nakuibia."

"Niibie. Ila iwe tayari kesho."

Fundi aliitazama cherehani, akamtazama yeye. Kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, alisema kazi itakuwa tayari leo.

Alfajiri iliyofuata Kapteni alivuta kamba mara moja, mara mbili, mara sita. Kiganja kikachubuka. Mara ya saba mashine ilikohoa, ikashika, ikanguruma. Aligeukia dirisha la mzee.

"Kapteni!" Sauti ilitoka dirishani, nyembamba, lakini ilikuwa na uhai. "Si ile hii!"

"Nimenunua nyingine, baba!"

"Ina kikohozi kama changu!" Mzee alicheka, na kicheko chenyewe kikamkohoza. "Kabureta hiyo, mwambie fundi wako! Maji yakoje leo?"

Kapteni aliinua macho, akatazama mbele yake kwa muda.

"Yametulia, baba!"

"Haya, nenda salama. Leteni chai!"

Kapteni alipunguza moto kidogo, akapunguza tena, akapunguza tena, kama boti inayokwenda mbali, mpaka mashine ikazimika na maji yakatulia ndani ya pipa. Chini ya ufuko, pale alipokuwa akivusha abiria, pikipiki ilikatiza kuelekea ng'ambo, ikitimua vumbi.