Ngata ya Mama

Saa nane mchana Nasambu alimgeuza mama yake ubavu, akaona alama ya mviringo juu ya makalio, pale mfupa ulipokaribia ngozi.

Mama hakuweza kujigeuza tangu kiharusi cha Januari 1988. Majirani wa kijiji cha Bokoli walishauri alalie ngata yake, ile pete nene ya matambara aliyowekea mtungi kichwani. Mfupa ungekaa kwenye tundu, walisema, usiguse kitanda.

Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hiyo Nasambu alipapasa kwa mgongo wa mkono, kama alivyomfundisha muuguzi aliyeagiza mama ageuzwe kila baada ya saa mbili. Palikuwa na joto zaidi kuliko paja, tena pagumu. Ngata ilikuwa imebana pande zote, damu ikakosa pa kupita. Ngozi ilikuwa haijapasuka bado.

Akaichomoa.

“Wacha ngata yangu, wewe,” mama alisema kwa ulimi mzito. “Si nimebebea maji miaka arobaini? Iliniumiza lini?”

“Ukifika nyumbani ulikuwa unautua mtungi, mama.”

Bega la mama lisilopooza likaanza kutikisika, na Nasambu akajua anacheka.

“Kwa hivyo saa hii mimi ndio mtungi?”

“Tena umejaa.”

Nasambu aliivaa ngata kichwani ili mikono ibaki huru, akasukuma mto nyuma ya mgongo wa mama.

“Na utanitua saa ngapi?”

Nasambu alitazama saa ya ukutani. “Saa kumi. Halafu saa kumi na mbili.”