Nyumba Isiyovuja

"Sogeza hilo sufuria katikati, matone yasikike vizuri," Injinia alimwambia mkewe.

Jina hilo alipewa na majirani kwa utani. Alikuwa mpiga chapa mstaafu aliyejijengea nyumba kwa mikono yake, na tangu hapo hakuruhusu fundi aiguse. Jikoni kulipovuja, alisema ni jasho la bati. Ukuta ulipopasuka, alisema nyumba inapumua.

"Siku nitakayotamka kwa mdomo wangu kwamba nyumba hii ni mbovu," alizoea kumtambia mkewe, "ndiyo siku utakayoleta fundi."

Kisha halmashauri ikaithamini nyumba hiyo kama kasri, ikampandishia kodi ya jengo. Mwanzoni alivimba kichwa. Alipoona kiasi cha kulipa, akanywea.

"Rufaa ina njia tatu," mkewe alisoma nyuma ya ile hati, miwani imemshuka puani. "Unaandika barua, unakwenda mbele ya kamati, au unaomba mtu aje ajionee."

"Barua! Mimi ni mtu wa maandishi."

"Barua haivuji, Baba Pacha. Mtu akilowa kichwa mwenyewe, atakubishia nini?"

Hilo likamwingia. Mkewe akasema mipango yote amwachie yeye, na ndiyo maana Jumamosi hii ya mvua sufuria lilikuwa sakafuni mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mtu mzima, futi ya kupimia kiunoni, viatu vimejaa madoa meupe.

"Karibu, tulikuwa tunakungoja," mkewe alisema.

Injinia hakumpa hata nafasi ya kukaa. Roho ilimuuma, maana kila tofali la nyumba ile alilijua, lakini kodi nayo ilikuwa inamwinda.

"Njoo uone maafa, bwana. Hili si jiko, ni bwawa. Mwenzangu hapa anapika na mwavuli."

Mgeni akagonga ukuta, akatega sikio. "Hapa pamekufa."

"Palikufa zamani, tumebaki na matanga tu! Na mlango wa msalani ukishajifunga, haufunguki. Shemeji yangu alishinda humo kutwa nzima."

"Bati je? Nani aliezeka?"

Injinia akalisogeza sufuria kwa mguu. "Mjinga mmoja hivi."

Mkewe akashikwa na kikohozi cha ghafla, akageukia dirishani.

Mgeni akapanda kiti, akapima dari. Akauliza kama bomba hutoa maji mchana, na kama lango linapitisha gari kubwa. Injinia alijibu yote kwa moyo mkunjufu. Mtu makini namna hii, aliwaza, hawezi kuiacha kodi ilivyo.

"Kwa hiyo, mzee wangu, unakubali kwamba nyumba ni mbovu?"

"Mbovu kupindukia! Nimesema kwa mdomo wangu, na mke wangu shahidi."

"Shahidi kabisa," mkewe alisema, akifungua dirisha na kupunga mkono nje. "Barua ya rufaa niliipeleka Jumatatu, Baba Pacha. Haya fundi, anza na jiko."

Langoni, lori la mchanga likaanza kuingia kinyumenyume.