Bega la Gethin

Asubuhi hiyo klabu kubwa ilimwambia Gethin kwamba safari yake ya raga ya kulipwa imefika mwisho. Bega lake lilikuwa limeteguka mara nyingi mno. Meneja alimpa mkono, akamshauri akapumzike. Gethin aliendesha gari moja kwa moja hadi mji aliozaliwa, kwenye uwanja wa matope chini ya mlima, ambako timu ya nyumbani ilikuwa imepungukiwa mchezaji.

Dada yake Nerys, kocha wa timu hiyo, alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akijifunga bega kwa plasta, ncha moja ameing'ata.

"Una wazimu? Si wamekwambia umekwisha?"

"Wamesema wao hawanihitaji tena."

"Na bega je?"

"Bega ni langu, dada. Hawakulinunua."

Nerys alimkazia macho, machozi yakimlengalenga. Kisha akamnyang'anya plasta, akaivuta kwa nguvu mpaka Gethin akaguna, akaizungusha kifuani na mgongoni.

"Ukiumia, sikuokoti."

"Usiniokote."

Nje mvua ilikuwa imeanza. Wapinzani walimtambua, na mmoja wao akacheka kwa sauti. Mwamuzi alipoita skramu, timu zisukumane kugombea mpira, Gethin aliinama, akawakumbatia wenzake, na safu mbili zikagongana vichwa chini. Bega likawaka moto. Akakita njumu matopeni, akasukuma. Yule aliyecheka alikuwa uso kwa uso naye, akihema, na miguu yake ilikuwa imeanza kuteleza kurudi nyuma.