Kuku Aliyejiandaa Kutembelea Hifadhi

Paliondokea Kuku wa mjini, akaalikwa na dada yake Kwale, mkazi wa hifadhi ya taifa.

"Beba maji, vaa nguo isiyong'aa, usitoke njiani," Kwale alimwagiza. "Na zaidi ya yote, dada, kimya. Huku tunaishi kwa kutosikika."

Kuku akajiandaa kweli kweli. Kanga yake nyekundu akaiacha, akajifunga ya rangi ya majani makavu. Maji akabeba. Njia nzima hakukohoa, na alipofika akaanza kuwasema wageni wasiojua kujiandaa. Kwale akafurahi, akamlaza nyasini kando ya mayai yake.

Asubuhi Kuku akataga. Na kama ilivyo desturi yake tangu utotoni, kabla hajawaza lolote, akasimama akapaza sauti: "Ko-ko-ko-kooo! Nimetagaaa!"

Nyasi zikatikisika, Nguchiro akatokea. Wale ndugu wawili wakarukia mtini. Waliposhuka halikubaki yai hata moja, la mgeni wala la mwenyeji.

"Asante kwa kuniita, mama," Nguchiro alisema akijifuta mdomo. "Siku nyingi nayatafuta mayai haya."

Kuku akatamani ardhi ipasuke immeze. "Dada, mimi nilibeba kila kitu..." akaanza kujitetea.

Kwale hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimjazia maji ya safari, akamsindikiza mpaka njiani, akamwambia kwa upole:

"Ukifika salama, dada, usijisumbue kutuma habari. Nitakusikia."